Kabla ya Kuvuka Mto: Ushauri kwa Kijana wa Igurwa Anayetaka Nyota Begani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, huku Igurwa na kwenye vilima vyote vya Karagwe na Kyerwa hawakosekani vijana ambao ukiwauliza wanataka kuwa nani, jibu ni moja: ofisa wa jeshi. Wengi wamekiona chuo cha kijeshi cha Monduli kwenye runinga. Maofisa wanafunzi wanapita mbele ya Amiri Jeshi Mkuu kwa mwendo wa pole, suruali zimenyooka, kisha wanatunukiwa kamisheni na kuwa Luteni Usu. Ni picha nzuri, na mzazi ana haki ya kulia siku hiyo. Ila ni picha ya siku moja. Muda si mrefu kijana huyohuyo atakabidhiwa platuni ya watu thelathini hivi, wakiwemo masajini walioanza kuvaa buti yeye akiwa bado darasa la kwanza, na mara nyingi zaidi ya atakavyotakiwa kulenga shabaha atatakiwa kupanga.

Kupanga hakuna sifa mitaani. Hakuna anayerudi likizo Kayanga akasimulia jinsi alivyohesabu madumu ya maji. Lakini ninaamini, na makala haya yote yamesimama hapo, kwamba mpango wa kijeshi una thamani sawa na kile alichokielewa askari wa mwisho kwenye mstari kabla ya kuondoka. Aliyekariri ramani peke yake na kuwaburuza wenzake gizani hajapanga kitu, hata kama kwenye karatasi amepata alama zote.

Mifano tunayo mlangoni. Mto Kagera unaotutenganisha na Rwanda upande wa magharibi na Uganda pale Murongo ndio huohuo unaopita chini ya daraja la Kyaka, na hapo ndipo nchi hii ilipolipia somo lake kubwa la kupanga vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini mwa mto, yakapora ng'ombe na mali ya kiwanda cha sukari cha Kagera. Novemba 1 Kampala ikatangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi, sasa ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa.

Kaa kwenye kiti cha ofisa wa upande ule ujiulize: alipolivunja daraja alikuwa anafikiria nini? Alidhani mto umekuwa ukuta. Na ofisa anayevunja kivuko kilicho mbele yake amejifunga pia mwenyewe, kwa sababu hawezi tena kusonga. Wakubwa wa jeshi lile walipanga namna ya kuingia, hawakupanga namna ya kukaa wala namna ya kutoka. Askari wakageuka wasombaji wa mali, na jeshi linalosomba mabati na ng'ombe halichimbi mahandaki. Hili liandike kwenye daftari lako: kila mpango ujibu swali la "halafu?" walau mara mbili. Tukishateka kilima, halafu? Adui akirudi usiku, halafu?

Upande wetu kazi ilianza na hesabu za chuma. Jeshi lilirudi ng'ambo kwa madaraja ya muda, na katika madaraja ya aina hiyo linalojulikana zaidi ni la Bailey, lililobuniwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nitaeleza kidogo, maana kijana anayetaka uongozi akilielewa daraja hili ameshaelewa nusu ya ugavi. Kipande kimoja cha ubavu kina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, na hubebwa na watu sita. Vipande vinaunganishwa kwa pini, vinasukumwa juu ya magurudumu, mdomo wa daraja ukielea hewani hadi uguse ng'ambo. Sasa hesabu. Ukitaka urefu wa mita 30 kwa umbo jepesi kabisa, unahitaji vipande 10 kila upande, jumla 20, yaani zaidi ya kilo 5,000 kabla hujagusa mihimili ya kukatiza wala mbao za kupitia magari. Ukitaka kifaru kipite, uongeze ubavu maradufu. Je, magari yanayobeba chuma hicho yatageuzia wapi kwenye barabara nyembamba? Watu wa kubeba watakula saa ngapi? Nani anazuia adui asiwapige mabomu wakiwa wameshika chuma kwa mikono yote miwili? Ushujaa wote wa nchi ulikuwa umesimama kusini mwa mto ukingoja majibu ya maswali haya.

Amri ya vita, kwa muundo unaofundishwa katika majeshi mengi duniani, ina vifungu vitano: hali, jukumu, utekelezaji, utawala na ugavi, na mwisho ukamanda na mawasiliano. Utavikariri Monduli hadi uviote ndotoni, kwa hiyo sitapoteza muda kwa vyote. Nitasimama kwenye jukumu, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapoandika sentensi ndefu isiyo na kitu.

Jukumu linasema nani anafanya nini, wapi, lini, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo roho yake. Aprili 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakishirikiana nao yalipokaribia Kampala, akili ya kawaida ya kijeshi ilisema uzingire mji, ufunge njia zote, asitoke mtu. Mwalimu Nyerere aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi. Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin walikuwa bado mjini, na lengo la Tanzania halikuwa kupigana na Libya. Lilikuwa kumwondoa Amin. Njia ikaachwa, Walibya wakapata pa kuondokea, na mji ukatekwa Aprili 10 na 11. Luteni aliyeambiwa tu "tekeni Kampala" angeifunga barabara ile kwa bidii yote akijiona hodari. Aliyeambiwa sababu angeelewa kwa nini kuna mlango ulioachwa wazi kwa makusudi. Ukiwa kamanda, waambie watu wako sababu. Ukiwa chini ya kamanda asiyesema, uliza kwa adabu: "Afande, naomba kujua nia yako ili nikikwama nisikuharibie kazi." Afande mwenye akili atakushukuru.

Sasa muda. Kuna kanuni ya zamani inayosema kamanda atumie theluthi moja ya muda alionao na theluthi mbili awaachie walio chini yake. Inasikika rahisi mpaka ikukute. Tuseme umepewa jukumu saa nane mchana na platuni inatakiwa kuondoka saa nane usiku. Ni saa kumi na mbili. Kwa kanuni hiyo unaruhusiwa saa nne, utoe amri saa kumi na mbili jioni. Lakini jua letu la Karagwe huzama karibu saa moja usiku, kwa hiyo makamanda wa seksheni watabaki na saa moja tu ya mwanga kuangalia ardhi watakayopita. Basi kanuni uivunje, ukiwa na sababu: dakika ileile ya saa nane toa amri ya awali, hata ya sentensi tatu, watu waanze kusafisha silaha, kula na kulala, kisha amri kamili uitoe saa kumi alasiri, hata kama mpango wako haujakamilika vizuri. Mpango wenye kasoro uliotolewa mapema huwashinda adui wengi. Mpango mzuri uliotolewa gizani huwatisha watu wako wenyewe.

Ukishatoa amri, usiulize "mmeelewa?" Hakuna askari duniani aliyewahi kujibu hapana. Mchague koplo aliyekaa nyuma, mwambie aeleze jukumu kwa maneno yake, na mwingine aeleze akipotea atakutana na wenzake wapi. Chora ardhi kwenye udongo kwa kijiti: mawe yawe vilima, kamba ya katani iwe mto, majani ya mgomba yawe shamba ambalo adui anaweza kujificha. Kila kamanda wa seksheni atembee juu ya mchoro huo akionyesha atakapokuwa kila hatua. Ni mazoezi ya dakika 20, na mara nyingi ndipo inapogundulika kwamba seksheni mbili zilipanga kupita njia moja kwa wakati mmoja.

Tatizo la mipango mingi mibovu ni kwamba imetundikwa yote kwenye msumari mmoja. Septemba 17, 1972, miaka sita kabla ya vita vya Kagera, wapiganaji wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka Tanzania kwenda kumpindua Amin, safu moja ikielekea Masaka na nyingine Mbarara. Kichwa cha mpango kilikuwa ndege ya East African Airways iliyotekwa ili ibebe makomandoo kutoka Kilimanjaro hadi Entebbe, wakaushike uwanja. Ndege iliharibika matairi ilipotua Kilimanjaro. Makomandoo wakabaki hapohapo, na safu mbili za nchi kavu zikaenda kukutana na jeshi ambalo halikuwa limeshtushwa kokote kwingine. Zikapigwa. Mwezi uliofuata Tanzania na Uganda zikatia saini mkataba Mogadishu. Somo langu hapa haliko kwenye rubani. Liko kwa aliyekubali safu mbili za watu ziendelee na safari ilhali sharti la kwanza la mpango limekufa. Kila mpango uwe na mahali palipoandikwa waziwazi: jambo hili lisipotimia kufikia saa fulani, tunasimama.

Kuhusu mawasiliano nitasema kwa ufupi tu, kwa kuwa somo lenyewe linauma. Mwanzoni mwa vita vya 1978 ndege zetu za kivita zilitunguliwa karibu na Musoma, na waliozitungua ni walinzi wetu wenyewe. Kifungu cha tano cha amri, kile kinachosomwa haraka watu wakiwa wameshaanza kuinuka, ndicho kinachowaua wenzetu. Andika nani ataarifiwa, kwa njia ipi, na atathibitisha vipi kwamba amepata habari. Ujumbe uliotumwa bila jibu uhesabu kuwa haujatumwa.

Na mambo yatakwenda mrama, hata ukipanga kama malaika. Machi 10, 1979, pale Lukaya, ambapo barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita katikati ya kinamasi, Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo wasiowahi kuonja vita vikubwa, ilikutana na maroketi ya Walibya. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao. Lakini kishindo kile kilitosha, watu wakakimbia. Kwenye mpango wa awali, Brigedi ya 208 ilikuwa imeshatumwa kuzunguka kinamasi kwa mbali. Makamanda wangeweza kuiita irudi haraka kuziba pengo la mbele, kama hofu inavyoshauri. Badala yake Divisheni ya 20, chini ya David Musuguri, ilikusanya upya waliotawanyika mbele, na Brigedi ya 208 ikaamriwa kugeuza njia haraka ili ikaikate barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 adui alijikuta anapigwa pande mbili. Vita vya Lukaya ndivyo vilivyovunja mgongo wa jeshi la Amin.

Musuguri, mzaliwa wa Butiama aliyeanza uaskari katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi, askari walimwita Jenerali Mutukula. Kijana asimtazame kama sanamu. Atazame alichofanya usiku ule: hakuutupa mpango wake wote kwa sababu sehemu moja imevunjika, na hakujidanganya pia kwamba haijavunjika; aliugeuza. Kati ya hayo mawili ndipo uongozi ulipo, na sijui chuo kinachoweza kulifundisha jambo hilo darasani pekee.

Upande wa Mbarara, brigedi ya Silas Mayunga ilipata somo jingine Februari ile kwenye vilima vya Gayaza, ambako askari wetu waliviziwa barabarani na kupata hasara kubwa. Anayetoka Igurwa anazijua nchi za namna hiyo: barabara imefuata bonde, pembeni miinuko, majani marefu, kona baada ya kona. Ukiendesha gari chini, mwenye kilima anakuona kabla hujamsikia. Jifunze tangu sasa kutembea ukijiuliza: kama ningetaka kumvizia mtu hapa, ningekaa wapi? Baada ya miezi michache ya mchezo huo hutaweza tena kuitazama barabara ya kwenda Nkwenda kama zamani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Desemba 7, 2017. Kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa na watu walioshukiwa kuwa waasi wa kundi la ADF, na Watanzania 14 waliuawa siku hiyo. Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi maalumu, na miongoni mwa mapungufu yaliyobainika ni kwamba misheni haikuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu na kuwatoa askari wake. Soma tena neno "unaotekelezeka". Pengine karatasi ilikuwapo. Kambi yoyote utakayoiongoza, hata ya askari kumi kwenye kituo cha redio, jiulize usiku wa kwanza: tukishambuliwa sasa hivi, nani anakuja, kwa njia gani, baada ya saa ngapi, na njia hiyo ikifungwa, je? Kisha fanyeni mazoezi ya hilo jambo kwa miguu, si kwa maneno.

Nimesema sana juu ya mipango, sasa watu. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, walioandamana na jeshi letu hadi Kampala, waliandika kwamba Tanzania ilipoteza askari 373 katika vita vile, na kati yao 96 ndio waliouawa katika mapigano. Itazame hesabu hiyo polepole. Karibu watatu kati ya kila wanne waliokufa waliondolewa na mambo mengine, ajali zikiwemo. Jeshi lilikuwa limevimba kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000 kwa miezi michache, magari ya raia yamechukuliwa, silaha ziko mikononi mwa watu wapya. Kwa hiyo ukitaka kuwarudisha watu wako kwa mama zao, kazi yako kubwa itakuwa mambo yasiyo na wimbo: dereva amelala saa ngapi, bunduki imefungwa usalama, maji yamechemshwa, miguu imekaguliwa baada ya mwendo. Ofisa anayevua buti za askari wake na kuangalia vidole vilivyooza anafanya kazi ya ofisa. Anayeona ni aibu kufanya hivyo atafute ajira nyingine, na nasema hivyo bila hasira.

Kula mwisho. Ukifika kambini, mpigie sajini wako salamu ya heshima moyoni hata kama yeye ndiye anayekupigia saluti kwa mkono. Muulize faragha angefanyaje, kisha amua wewe, na likiharibika usimtaje. Askari huvumilia njaa, mvua na hata kamanda asiyejua, ila kamanda mwongo hawamvumilii. Uasi wa Januari 20, 1964 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ulianza kwa malalamiko ya mishahara na kwa maofisa wa Kiingereza waliobaki juu ya Waafrika baada ya uhuru. Jeshi lile lilivunjwa, na JWTZ ikaanzishwa upya Septemba 1 mwaka huohuo. Malalamiko ya chini yasipopanda juu kwa njia halali hupanda kwa njia nyingine.

Jambo gumu kidogo. Januari 1979 tulipoiteka Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, baadhi ya askari wetu walilipiza kisasi kwa raia na mji ukabomolewa. Walikuwa wameona yaliyofanyika Kyaka na vijiji vya Missenyi, hasira yao inaeleweka, na bado ilikuwa makosa. Nyerere alipopata habari aliagiza raia na mali zao wasiguswe. Amri ya namna hiyo isingoje kutoka Ikulu. Luteni ndiye aliyepo pale. Yeye ndiye wa kusema "mateka huyu hapigwi", na kusema mapema, wakati wa kutoa amri, kabla damu haijachemka. Ndani ya kifungu cha utekelezaji andika utawafanya nini mateka, majeruhi wa adui, na mama aliyekutwa shambani. Usipoandika, mtu mwingine ataamua kwa niaba yako, na atakuwa na bunduki.

Basi hapa Igurwa uanzie wapi, ukiwa bado na sare ya shule? Anza na miguu na ramani. Tafuta ramani ya eneo lako ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja. Chagua safari ya kilomita 12 yenye kupanda mita 300. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa ni saa tatu. Ongeza nusu saa kwa ule mlima, kwa kuwa wapanda milima huhesabu saa nzima kwa kila mita 600 za kupanda. Sasa jiulize safari hiyohiyo usiku, watu thelathini wamebeba mizigo: mara mbili, yaani saa saba, na msimu wa mvua uongeze tena. Wape maji lita 5 kila mmoja: ni lita 150, ndoo saba na nusu za lita 20. Nani anazibeba? Andika makadirio yako, tembea mchana na wenzako wawili, kisha linganisha. Utagundua unajipendelea. Kila mtu hujipendelea mwanzoni, na tiba yake ni kupima tena na tena.

Kisha omba kazi halisi. Kuna msaragambo wa kusomba mawe ya darasa au kuchimba mtaro. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mpe shikamoo yake, umwombe akuachie upangaji wa siku moja tu. Vifungu vitano viingie kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Hali: mawe yako wapi, njia ikoje, watu wangapi watakuja kweli, maana watakaoahidi ni wengi kuliko watakaoonekana. Jukumu na sababu yake: msingi uwe tayari kabla ya mvua za Septemba. Utekelezaji: kundi la kuvunja, la kupakia, la kupanga. Ugavi: karai, nyundo, uji, maji ya kunywa, dawa ya kidonda. Ukamanda: ukiitwa nyumbani ghafla, nani anashika? Hapo utaongoza watu waliokuzidi umri, wanaokufahamu tangu ukiwa unachunga mbuzi, wasiolazimika kukutii hata kidogo. Ukiweza kuwafanya wakamalize kazi saa sita mchana bila kelele, platuni haitakushinda. Jioni waite viongozi wa makundi muulizane mambo matatu: tulitaka nini, kimetokea nini, kwa nini vimetofautiana. Wewe uwe wa kwanza kutaja ulichokosea, la sivyo hakuna mzee atakayefungua mdomo.

Mafunzo mengine yanakuja yenyewe: kubeba mgonjwa kwa machela kutoka bondeni hadi gari linapofika, watu wanne wakipokezana na wanne, kupanga msiba wa watu mia tatu kwa notisi ya siku moja. Akina mama wanaoendesha jiko la msiba ni maofisa ugavi bora kuliko wengi niliowahi kuwaona. Kaa karibu nao, uone wanavyokisia mchele.

Masomo usiyatupe. Hisabati na jiografia zitakusaidia kuliko push-up, na Kiingereza chako kiwe kizuri kwa sababu nyaraka nyingi za misheni za nje huandikwa kwa lugha hiyo. Ukimaliza kidato cha sita na jina lako likatokea kwenye orodha ya JKT kwa mujibu wa sheria, nenda; usitafute cheti cha daktari cha kukukwepesha. Huko utajifunza kutii, na asiyejua kutii hutoa amri mbaya. Nafasi za kujiunga na JWTZ na za mafunzo ya uofisa hutangazwa na jeshi lenyewe hadharani, pamoja na sifa za elimu, umri na afya. Soma tangazo mpaka mwisho, tunza vyeti vyako halisi na cheti cha kuzaliwa, na hakikisha majina yanafanana herufi kwa herufi kwenye vyote, maana hapo wengi wa huku kwetu wanakwama: shuleni Byamungu, kwenye cheti Byamungo. Kurekebisha kunachukua muda, kwa hiyo anza leo kwa mtendaji wa kijiji. Na mtu akikupigia simu akisema ana nafasi ya Monduli kwa laki kadhaa, hata akiwa anavijua vyeo vyote na anaongea kwa sauti ya kambini, ni tapeli. Nafasi hizo haziuzwi. Chukua namba yake uipeleke polisi Kayanga au Nkwenda, kokote kulikokaribu nawe.